Aliyeokoa kodi alipie bando
Korona ilipobisha hodi Machi 2020, waajiri wengi waling'amua kwamba hesabu za kampuni ya Nairobi zinaweza kufanyiwa Kiamunyi, hapa Nakuru, bila mtu kudamkia matatu. Kodi ya ofisi ikapungua. Bando, stima na kiti vikamwangukia mfanyakazi. Stima ikipotea katikati ya mkutano, ingawa umeme unafuliwa kwa mvuke wa Olkaria kaunti hii hii, ndiye anayekimbilia saiba mjini, kompyuta kwapani. Mvunaji waridi wa Naivasha hana hiari ya kubaki nyumbani: ua halikatwi kwa intaneti. Ila anayeweza kufanyia kazi nyumbani asigeuzwe mfadhili wa kampuni. Mwajiri aliyeokoa kodi na alipie bando, na mkataba utaje saa ya kuzima simu ya kazi.