Weka Simu Chini, Mfunike Dada Yako

Neno la leo si tamu. Likikuchoma katikati, usikimbie. Soma mpaka mwisho.

Mnamkumbuka Rose Muhando. Nani kati yetu hajaimba "Nibebe"? Dada huyu alilelewa katika nyumba ya Kiislamu, Morogoro, akaokoka, akafundisha kwaya Dodoma. Albamu ya Mteule Uwe Macho ilipotoka, sauti yake ikaingia kila matatu na kila harusi, hadi huku kwetu Shimoni. Sony Music wenyewe wakamtafuta. Kisha mambo yakaharibika. Waandaaji wa matamasha wakalalamika kwamba alilipwa na hakutokea. Watu wakasema mengi.

Halafu Novemba 2018 ikatoka ile video. Rose yuko Nairobi, katika kanisa la mchungaji James Ng'ang'a, anaombewa mapepo, anapiga kelele. Ndani ya siku chache ilikuwa kwenye simu za Afrika Mashariki nzima.

Sibishani leo kuhusu maombi yale. Nauliza hivi: nani aliisambaza? Si walevi wa kilabuni. Ni walokole! Ni magrupu ya maombi! Tukaandika "tumuombee dada yetu" juu yake, chini tukaweka emoji za kucheka.

Soma Mwanzo 9. Nuhu alilewa akalala uchi hemani. Hamu aliona, akatoka nje kuwaambia ndugu zake. Shemu na Yafethi walichukua nguo, wakaingia kinyumenyume wasione, wakamfunika baba yao. Angalia vizuri: Hamu hakusema uongo. Alichosimulia kilikuwa kweli kabisa, na bado laana iliangukia nyumba yake. Kwa hiyo usiniambie "lakini Mchungaji, si ni kweli?" Ukweli wa aibu ya mwenzako haukupi ruhusa ya kuitembeza.

Wengine watasema, "Tunarekodi ili Mungu atukuzwe." Sawa. Yesu alifanyaje? Binti Yairo alipofufuliwa, watu walitolewa nje kwanza, Marko 5. Yule bubu kiziwi alivutwa kando, mbali na umati, Marko 7. Na yule mtu wa Legioni alitumwa akasimulie kwao, lakini lini? Baada ya kuvaa nguo na akili kumrudia. Na alisimulia YEYE, kwa kinywa chake. Huo ndio ushuhuda. Ukimrekodi mtu akiwa hajijui, umemuibia ushuhuda wake kabla hajapona.

Yesu alitoa watu nje. Sisi tunaingiza kamera. Nani amebadilisha Injili?

Na Rose alirudi. Mwaka uliofuata aliimba na Ringtone wimbo unaoitwa "Walionicheka". Hebu litafakari jina hilo. Wengi wa waliousherehekea walikuwa ndio hao hao waliocheka! Alirudi kwa neema ya Mungu, si kwa msaada wa video yako.

Lakini Rose ana jina, ana mashabiki, ana studio ya kurudia. Binti wa Mkwiro ana nini? Huku kisiwani kila mtu anamjua mwenzake. Akirekodiwa anagaagaa mbele ya madhabahu, kabla hajavuka na boti kwenda Shimoni video imeshamtangulia gatini. Majirani zetu Waislamu wanaitazama na kuuliza, "Hivi ndivyo kanisa linavyomtunza mtu?" Mtawajibu nini? Na yule kijana wa Ukunda anayepigana na unga, anayetaka kuja kuombewa, atakuja akijua atageuzwa sinema? Hatakuja. Atafia nje ya mlango wetu, na sisi tukihesabu waliotazama.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Leo ni yeye, kesho ni mwanao.

Kwa hiyo sikieni utaratibu wa kanisa letu. Kuanzia Jumapili hii, maombi ya ukombozi yakianza, simu zote mfukoni, ya mchungaji ikiwa ya kwanza. Akina mama watakaa na leso tayari kumfunika anayeanguka. Mwenye video ya mtu yeyote akiombewa aifute leo. Anayetaka kushuhudia atapewa maikrofoni akiwa mzima, akipenda mwenyewe. Na mtumishi mgeni asiyekubali utaratibu huu, madhabahu yetu hatapanda.

Usiandike AMEN hapa kama video bado iko kwenye simu yako. Futa kwanza, ndipo uandike.

Mbarikiwe.
Mchungaji wenu, Mkwiro.