Mgeni njoo, mwenyeji apone: sharti tunalolisahau

Methali "Mgeni njoo, mwenyeji apone" tumefundishwa tangu shule ya msingi, na mara nyingi tunaelezwa nusu yake tu: mgeni ni baraka, basi apokelewe. Nusu ya pili tunaipita haraka, na ndiyo yenye sharti. Mgeni anaitwa ili mwenyeji apone. Ikiwa ujio wake unamletea mwenyeji ugonjwa, methali haimtetei tena. Naamini sharti hilo linatusaidia kujibu swali ambalo watu wengi walijiuliza wakati wa korona, na ambalo litarudi: je, inafaa kwenda kupumzika katika hoteli ya kisiwani wakati dunia inaugua?

Swali hilo lilinifikia mwishoni mwa mwaka 2020. Yaya wangu anayeishi Ubelgiji aliamua kupeleka familia yake Zanzibar kwa siku 7 za Noeli. Akanialika nitoke Bukavu tukutane huko, tiketi na chumba juu yake. Wasomaji wa jarida hili wataelewa uzito wa mwaliko huo. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Sisi tunaosema Kiswahili cha mashariki ya Kongo tunasahihishwa kila siku kwa kipimo cha kisiwa ambacho wengi wetu hatujakikanyaga. Sikutamani bahari tu. Nilitamani kuisikia sokoni, kwa masikio yangu, lugha ninayofanyia mtihani. Hata hivyo nilikataa, na sijaenda mpaka leo. Sababu zangu si za woga, ndiyo maana naziandika.

Yaya alikuwa na hoja tatu. Ya kwanza: pwani ni mahali pa wazi, upepo unavuma, hoteli zenyewe zina nafasi. Ya pili: "Tutapima wote kabla ya kupanda ndege." Ya tatu ndiyo iliyonigusa: "Mdogo wangu, wale watu wanaishi kwa wageni. Usipokwenda, wanakula nini?"

Hoja ya kwanza inamwangalia mgeni peke yake. Ni kweli kwamba anayelala ufukweni hayuko katika hatari kubwa. Lakini hoteli haijengwi kwa mchanga na upepo tu. Kuna anayefagia chumba, anayepika, anayeendesha gari kutoka uwanja wa ndege, na kila jioni hao wote wanarudi nyumbani kwa wazee wao. Mgeni akihesabu hatari yake mwenyewe tu, hesabu haijafika nusu.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi, lakini kipimo kinasema hali ya siku ile ya kupimwa. Virusi vya korona viliweza kukaa mwilini hadi siku 14 kabla ya dalili kuonekana. Tulinganishe namba hizo mbili: likizo ya siku 7, maficho ya siku 14. Mgeni anaweza kuondoka kabla hajajua alichokiacha. Amesharudi Brussels, ameshaonyesha picha zake, na mtu aliyekuwa akimtandikia kitanda ndiye anayeanza kukohoa. Mgeni huyo si mtu mbaya. Tatizo ni kwamba safari yenyewe inamficha matokeo yake.

Nabaki na hoja ya tatu, na sitaki kuidharau. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 500,000. Mwaka uliofuata hawakufika 300,000. Utalii unaleta zaidi ya robo ya pato la visiwa vile. Nyuma ya namba hizo kuna karo za shule na unga wa nyumbani. Kumwambia mpishi wa hoteli, "Nimekaa kwetu kwa ajili ya afya yako," wakati amekaa miezi mitatu bila mshahara, ni maneno mepesi. Njaa nayo inaua. Asiyekubali jambo hilo asiandike juu ya mada hii.

Lakini tuangalie jinsi visiwa mbalimbali vya Bahari ya Hindi vilivyojibu swali lile lile. Mauritius ilifunga mipaka yake mwezi Machi 2020, serikali ikasaidia kulipa mishahara, na wageni wakafunguliwa milango kikamilifu tarehe 1 Oktoba 2021. Maldives ilifungua mapema, tarehe 15 Julai 2020, lakini kule desturi ni hoteli moja katika kisiwa kimoja, mbali na vijiji, na kuanzia Septemba mwaka huo watalii walidaiwa cheti cha kipimo. Tanzania ilirudisha ndege za kimataifa tarehe 18 Mei 2020 na kuondoa karantini ya siku 14. Namba za mwisho zilizotangazwa zilikuwa wagonjwa 509 na vifo 21, mwanzoni mwa mwezi ule wa Mei. Baada ya hapo, kimya. Mwezi Juni Rais Magufuli alitangaza kwamba nchi imeondokewa na korona.

Simlaumu aliyefungua wala simsifu aliyefunga. Kila nchi ilikuwa na mzigo wake. Ninachokiona ni tofauti nyingine: Mauritius na Maldives zilihesabu wagonjwa na kusema. Mwananchi wa kule alijua anachokikaribisha. Zanzibar mwenyeji alinyimwa hesabu. Mwisho wa Januari 2021 chama cha ACT-Wazalendo kilitangaza kwamba Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ameambukizwa korona. Alifariki tarehe 17 Februari. Wakati huo ndege za watalii zilikuwa zinaendelea kutua. Kama habari za ugonjwa wa kiongozi mkubwa namna ile zilitoka kwa chama chake, mfagiaji wa hoteli angepata wapi habari za mtaa wake?

Hapa ndipo somo letu la lugha linapoingia. Neno "karibu" linatokana na Kiarabu, na maana yake ya asili ni kuwa jirani, kutokuwa mbali. Mwaka 2020 dunia nzima iliamriwa kukaa mbalimbali, huku visiwa vinavyoishi kwa neno "karibu" vikiendelea kulisema. Katika nadharia ya matendo uneni, ambayo J. L. Austin aliieleza katika kitabu kilichotoka mwaka 1962, tunajifunza kwamba kuna maneno ambayo kuyasema ni kutenda, na kwamba tendo hilo halitimii bila masharti yake. Mtu asiye na mamlaka akisema "Nawafungisha ndoa," hakuna ndoa. Vivyo hivyo nauliza: "karibu" iliyoandikwa katika tangazo la hoteli, nani ameisema? Mwenye hoteli ameisema. Wizara imeisema. Mfagiaji hakuulizwa. Na hata angeulizwa, angejibu bila kujua idadi ya wagonjwa, na huku akijua kwamba akikataa kuhudumia atapoteza kazi. Ukarimu wa namna hiyo haujatimiza masharti yake. Ni sauti ya karibu bila tendo la karibu.

Wengine watasema kwamba namba hazimlishi mtu. Ni kweli. Lakini bila namba mtu hawezi kupima njaa na ugonjwa, achague lipi la kuvumilia. Anayejua, hata akiamua kufungua mlango kwa sababu ya njaa, ameamua mwenyewe. Asiyejua ameamuliwa. Mimi ningekwenda kwa yule wa kwanza na kulipa bei kamili. Kwa yule wa pili, pesa zangu zingemnunulia chakula na pengine jeneza, bila yeye kuambiwa.

Kwa hiyo jibu langu si "usiende kamwe." Hali hubadilika. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, na tarehe 28 Julai chanjo zilianza kutolewa Tanzania. Kuanzia hapo yaya angenialika, ningejibu kwa namna nyingine. Ninachopendekeza ni maswali matatu ya kujiuliza kabla ya kulipia chumba. Je, mwenyeji anahesabu wagonjwa wake na kuwaambia watu wake? Je, nikimwambukiza mtu, kuna kitanda na oksijeni kwa ajili yake, au mimi peke yangu ndiye nitakayesafirishwa kwa ndege? Je, anayenihudumia anaweza kubaki nyumbani akiugua na bado akapata mshahara? Majibu yakiwa "ndiyo," methali inatimia. Yakiwa "hapana," tubaki kwetu, hata kama bei imeshuka. Pengine bei imeshuka kwa sababu hiyo hiyo.

Usidhani maswali haya ni ya Wazungu wenye pesa tu. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpox kuwa dharura ya kimataifa, na aina mpya ya virusi vyake ilikuwa imetambuliwa kwetu, Kamituga, katika Kivu ya Kusini. Safari hii sisi ndio tuliokuwa wageni wa kuogopwa. Na miezi ile ile wenzetu wa Bukavu na Goma walikuwa wakipanda mashua kwenda Idjwi kupumzika mwisho wa juma, kuogelea na kula samaki. Idjwi ni kisiwa pia. Mgonjwa mahututi wa kule anavuka ziwa kutafuta hospitali kubwa. Anayetoka mjini kwenda Idjwi ana uhusiano ule ule na mwenye mashua kama yaya wangu alivyo na mfagiaji wa Zanzibar: yeye ataondoka, mwenzake atabaki.

Tuendelee kuifundisha methali, lakini tuifundishe nzima. Mgeni na aje. Kabla ya kufunga mzigo wake, aulize kwanza habari za mwenyeji, na asikilize jibu.