Uzazi Ni Baraka, Si Mashindano

Yako mahubiri tuliyoyasikia mara nyingi, hasa siku ya ndoa. Mhubiri anafungua Mwanzo 1:28, anawageukia maharusi na kuwaambia kwamba Mungu ameamuru wazae na kuijaza nchi. Kisha anaongeza maneno yake mwenyewe: wasipange, wasihesabu, kwa kuwa kila mtoto huja na riziki yake. Vigelegele vinapigwa. Miaka kumi baadaye mama yule anasubiri kwenye benchi la zahanati akiwa na mimba ya sita, na mhubiri hayupo pale. Sisi tunasema wazi: mahubiri hayo yanalidhulumu Neno, na yanaidhulumu familia.

Tuanze na andiko lenyewe. Kabla mwanadamu hajaambiwa azae, samaki na ndege walikwisha kuambiwa hivyo katika mstari wa 22, na mahali pote pawili tunasoma kwanza kwamba Mungu aliwabariki. Hiyo ni baraka iliyotamkwa juu ya viumbe, si kodi inayodaiwa kila nyumba. Kama ingekuwa amri kwa kila mtu, tungesema nini juu ya Bwana wetu Yesu, ambaye hakuoa wala hakuzaa? Na Mtume Paulo angewezaje kuisifu hali ya kutooa katika 1 Wakorintho 7? Paulo huyohuyo anamfundisha Timotheo kwamba asiyewatunza watu wa nyumbani mwake ameikana imani. Andiko hilo la 1 Timotheo 5:8 hatujalisikia likisomwa kwenye ndoa hata moja.

Wanaotetea mahubiri hayo husema kwamba imani ikiwa hai, watoto huwa wengi. Imani ikipoa, watoto hupungua. Tutazame basi mataifa. Italia, ambamo ndani yake mna makao makuu ya Kanisa Katoliki, sasa ina wastani wa watoto kama 1.2 tu kwa kila mwanamke, ingawa Papa Paulo wa Sita alikataza njia za kisasa za kupanga uzazi tangu mwaka 1968. Iran, nchi inayotawaliwa na viongozi wa dini ya Kiislamu, ilikuwa na wastani wa watoto zaidi ya sita mwanzoni mwa miaka ya 1980; kufikia mwaka 2000 walikuwa kama wawili. Dini haikubadilika pale. Kilichobadilika ni kwamba wasichana walisoma, vijiji vilipata vituo vya afya, wachumba walifundishwa habari za uzazi kabla ya kuoana, na viongozi wa dini walikubali.

Hapa kwetu Tanzania njia ni ileile, ingawa tunakwenda polepole. Mwaka 2004/05 watoto 112 kati ya kila 1,000 waliozaliwa hai walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano, na wastani wa uzazi ulikuwa watoto 5.7 kwa mwanamke. Mwaka 2022 vifo hivyo vilikuwa vimeshuka hadi 43, na uzazi ukafika 4.8. Mzazi aliyezika watoto wawili huzaa wengine kwa hofu. Mzazi anayeona watoto wake wakikua hupata ujasiri wa kupumzika. Mjini wastani ni 3.6, kijijini ni 5.5. Je, watu wa kijijini wanampenda Mungu kuliko wa mjini? La. Mkulima hana pensheni. Mtoto ndiye pensheni yake. Jembe halina injini. Mtoto ndiye mkono wa pili. Na mke wa kijijini mara nyingi hana kauli: mume anataka wa kiume, mama mkwe anauliza mbona tumbo limelala, na mhubiri anakuja kutia muhuri juu ya yote hayo kwa jina la Bwana.

Hapo ndipo ugomvi wetu ulipo. Kanisa limekuwa likiyaita mapenzi ya Mungu mambo ambayo ni umaskini, hofu na ubabe wa wanaume. Usemi wa riziki ni wa kweli kwa maana ya kwamba Mungu huruzuku. Lakini riziki ya mtoto hupita katika mikono ya watu. Kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022 tuliongezeka kutoka watu milioni 44.9 hadi milioni 61.7. Kila mmoja wa hao anahitaji dawati, dawa na mlo. Anayehubiri waje wengi zaidi, naye hachangii hata dawati moja, anamtwika mwingine mzigo asioubeba yeye.

Tena kuna wale wanaonong'ona kwamba tukipanga uzazi, watu wa dini nyingine watatuzidi. Watatuzidi kwa hesabu ipi? Sensa yetu haijauliza dini ya mtu tangu mwaka 1967. Na hata kama ingeuliza, Kanisa halikujengwa kwa tumbo. Wana wa Ibrahimu, asema Paulo kwa Wagalatia, ni wale wa imani. Mtu huingia katika Kanisa kwa ubatizo, na tumbo la mwanamke si silaha ya kushindania wingi.

Mwenye kuumia zaidi kwa mahubiri haya ni yule asiyezaa. Ikiwa kuzaa ni amri, yeye ni mwasi. Tunawajua akina mama waaminifu, waimbaji wa kwaya, walioacha kuhudhuria ibada kwa sababu kila maombi juu yao yalikuwa maombi ya kufungua tumbo, kana kwamba hawana jambo jingine mbele za Mungu. Elkana alimpenda Hana kabla Samweli hajazaliwa. Kanisa lisilofika hata pale alipofika Elkana lina deni.

Hatusemi hivi ili kuwafurahisha wale wanaomwona mtoto wa Kiafrika kama tatizo la dunia. Mtoto ni mgeni wa heshima. Korea Kusini mwaka 2023 ilifika wastani wa mtoto 0.72 kwa mwanamke. Ni nchi tajiri ambayo vijana wake wengi wanaona ndoa na malezi ni gharama isiyobebeka. Kule pia watu wanazuiwa na hofu. Hofu ya njaa kule kijijini na hofu ya gharama kule Seoul zote ni hofu, na hakuna iliyo tunda la Roho.

Basi wachungaji wetu na wazee wa kanisa waanze hapa. Mafundisho ya ndoa yazungumzie afya ya mama na nafasi kati ya mtoto na mtoto, na mume awepo na asikilize. Msichana abaki shuleni: mwaka 2022 zaidi ya mmoja kati ya watano wenye umri wa miaka 15 hadi 19 alikuwa amekwisha kupata mimba. Mahakama ya Rufani ilithibitisha mwaka 2019 kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti aolewe chini ya miaka 18 vinavunja Katiba. Mimbari ngapi zilitangaza habari hiyo? Sadaka ya shukrani ya mtoto ifuatwe na swali la kadi yake ya kliniki. Wajane na wazee watunzwe na usharika, ili mtu asilazimike kuzaa wanane kwa kuogopa uzee. Hayo yakifanyika, wenzi watakaotaka watoto wawili na watakaotaka sita wataamua wenyewe, wakiomba na kushauriana, bila kusukumwa na mtu. Mhubiri ambaye hajagusa hata moja kati ya hayo asiwaambie maharusi wazae wangapi.