Mama Mwenye Betri ya Moyo Asibebeshwe Mtoto

Kauli kwamba mama hana likizo, inayorudiwa katika mahubiri ya ndoa na vikao vya ukoo kuanzia Mlandizi hadi Maneromango, huenda ikavumilika inapomhusu mwanamke mwenye mafua, lakini anapoambiwa mama aliyetoka kuwekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, ambacho wengi hukiita betri ya moyo, ni kauli ya hatari inayopaswa kukomeshwa. Wanaoishikilia huamini kwamba, kwa kuwa kifua hakikupasuliwa na kidonda ni kifupi, mama anaweza kurejea kwenye mbeleko na ndoo siku ileile anayofika nyumbani.

Kidonda hicho kinadanganya. Kifaa hukaa chini ya ngozi karibu na mfupa wa mtulinga, kwa kawaida upande wa kushoto, na waya wake mwembamba hupitishwa ndani ya mshipa hadi kwenye moyo, ambako ncha yake huhitaji wiki kadhaa kushikamana na msuli. Kabla ya hapo mkono wa upande wa kifaa ukiinuliwa juu ya bega au ukinyanyua mzigo, waya unaweza kuhama, mapigo yakarudi kuwa ya polepole kama zamani, na mama akapasuliwa upya. Ndiyo maana kwa wiki 4 hadi 6 mgonjwa hukatazwa kuinua mkono huo juu ya bega na kunyanyua kitu kinachozidi kilo 5 hivi, ilhali mtoto wa mwaka mmoja hukaribia kilo 9 na ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Kumpandisha mtoto mgongoni na kumfunga mbeleko huvunja makatazo yote mawili kwa pamoja.

Wapo wanaojibu kwamba bibi zao walijifungua shambani na jioni wakarudi na kuni kichwani. Hoja hiyo haina uzito hata kidogo: bibi hao hawakuwa na waya moyoni, na wale ambao mioyo yao ilipiga polepole mno walianguka, wakazikwa, kisha ikasemwa kuwa wamelogwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, lakini mama mkulima wa Kisarawe hana mwajiri, ana ukoo wa mume unaoyahesabu mapumziko yake kuwa uvivu. Usafiri nao ni fedheha, kwani mgonjwa anayetoka kliniki katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, akirudi kupitia Gongo la Mboto na Pugu, huachwa asimame ameshika bomba la juu la daladala huku vijana wenye afya wameketi.

Mtu wa kwanza kupandikizwa kifaa hiki mwilini, Arne Larsson, alifanyiwa upasuaji Stockholm Oktoba 8, 1958, akaishi hadi 2001, na aliyewabana wataalamu hadi wakakubali ni mke wake, Else-Marie. Waume wa Kibaha wanatakiwa kutenda jambo dogo kuliko hilo: kuchota maji, na kumwinua mtoto na kumpakatisha mama aliyeketi ili amnyonyeshe, kwa kuwa kifaa hakizuii kunyonyesha. Maelekezo ya siku ya kuruhusiwa yasitolewe kwa mama peke yake, bali mbele ya mume au ndugu atakayetajwa kwa jina kuwa ndiye mbebaji wa mtoto kwa wiki hizo zote, na asipopatikana, wazee wa ukoo waitwe hospitalini waelezwe wao.