Yungiyungi uani: pamba nyumba bila kufuga mbu

Yungiyungi ni ua la asili la mabwawa ya Afrika Mashariki. Huchanua asubuhi kwa rangi ya samawati, hufumba alasiri. Pipa la lita 200 lililokatwa nusu linatosha kuliotesha uani. Ila mzazi, kabla ya kujaza maji, zingatia mambo matatu.

Kwanza, kichocho. Konokono wanaoeneza ugonjwa huu hupenda mimea ya majini, na vimelea hupenya ngozi ya mtu akiwa ndani ya maji. Usimtume mtoto bwawani kuchimba. Nunua kwa muuza miche au omba kwa jirani aliyenalo. Likifika, kata majani ya zamani, sugua kiazi chake na uondoe konokono pamoja na mayai yao, ambayo huonekana kama ute mzito. Usilichanganye na gugu maji, mmea vamizi uliotoka Amerika Kusini. Gugu maji huelea. Yungiyungi hushika mizizi kwenye tope.

Pili, mbu. Penye joto, yai la mbu huwa mbu kamili ndani ya wiki moja hadi mbili. Weka samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu, na usiwalishe kupita kiasi, wakishiba wataviacha. Maji ya bomba yenye dawa yaache wazi siku moja kabla ya kuwatia samaki. Wakifa wote, mwaga maji hadi upate wengine.

Tatu, na kubwa kuliko yote, mtoto mdogo. Anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita tano tu, tena kimya kimya, bila kupiga kelele. Funga juu ya pipa wavu wa chuma imara ambao mtoto hawezi kuung'oa. Mashina ya yungiyungi yatapenya matundu yake. Kama huwezi kuufunga na una mtoto anayetambaa au anayeanza kutembea, subiri akue. Ua halina haraka.

Kupanda ni rahisi. Jaza ndoo pana udongo wa mfinyanzi usio na samadi, kwani samadi huozesha maji. Fukia kiazi, ncha ya chipukizi ibaki nje, tandaza kokoto, kisha izamishe ndoo pipani. Weka pipa mahali penye jua la saa sita kwa siku. Majani yakitanda, hutia kivuli na kupunguza ukijani wa maji. Yanayogeuka manjano, yakate kila wiki, na hapo hapo ukague wavu.