Kijana wako akisema amejiunga na nyumba, muulize kwanza wamempa kazi gani

"Mwandishi, mtoto wangu ameingia kwa kundi." Ndivyo alivyoniambia mama mmoja wiki jana, amesimama mlangoni mwa redio na kitenge chake kimelowa mvua. Yeye ni mkimbizi wa ndani, anaishi katika familia iliyompokea hapa Goma. Usiku alikuwa amemsikia kijana wake wa miaka 15 akimwambia mwenzake: "Mimi nimeshaingia kwa Hlaalu. Wamenipa kazi ya kwanza. Kesho naenda kuchukua barua ya siri." Mama huyo hakulala. Sisi wakaaji wa huku hatuhitaji kuelezwa kwa nini.

Nilimsindikiza. Tulimkuta kijana katika chumba cha mbao karibu na soko, wao sita mbele ya kompyuta moja nzee inayotumia umeme wa jua. Hlaalu ni nyumba ya wakubwa ndani ya mchezo. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Halafu vijana wakaanza kubishana mbele yetu ni nyumba gani iliyo bora, na mmoja akamuuliza: "Na weye mama, ungechagua nani?" Mama akajibu kwa swali: "Katika hizo nyumba zote, nani analima?"

Tangu siku ile swali hilo halijanitoka kichwani, na ndilo linalonifanya niandike leo.

Kwa wasiojua, mchezo huo unaitwa Morrowind. Ulitengenezwa Marekani na kampuni ya Bethesda, ukatoka mwaka 2002. Wenye umri wangu wanaukumbuka mwaka huo kwa jambo lingine: tarehe 17 Januari Nyiragongo ililipuka, na moto wake ukapita katikati ya mji wetu. Mchezo ulitoka miezi michache baadaye, na hadithi yake inatokea kwenye kisiwa kinachoitwa Vvardenfell, chenye mlima wa moto katikati na majivu yanayopeperushwa mpaka mijini. Watengenezaji hawakuwa wakituwaza sisi. Lakini kijana aliyekulia juu ya makoro anapoona majivu yale hahitaji mtu wa kumweleza.

Unaanza mchezo ukiwa mfungwa aliyeachiliwa, mgeni asiye na kitu. Ukitaka kupanda cheo, kisiwa kina nyumba tatu zinazoweza kukupokea, na utaingia moja tu. Ukishaingia moja, nyingine mbili zinakufungia mlango. Ukijuta, unaanza mchezo upya.

Hlaalu ni nyumba ya biashara, na makao yake yako katika mji wa Balmora. Inasikilizana na Dola ya wageni wanaotawala, na huko karibu kila kitu kina bei. Kazi yako ya kwanza ni kuvaa kofia ya chuma ya nyumba pinzani na kumdanganya mtu wao akupe barua yao ya siri. Redoran ni nyumba ya askari, katika mji wa Ald'ruhn. Hao wanasema juu ya wajibu, heshima na dini. Wao watakutuma kwanza ukalinde mifugo ya mama mmoja inayosumbuliwa na kaa wakubwa, kisha upeleke dawa kwa mgonjwa. Telvanni ni nyumba ya wachawi wakubwa, makao yao Sadrith Mora. Wanaishi katika minara iliyooteshwa kama uyoga, na ndani hakuna ngazi. Asiyejua uchawi wa kuelea anabaki chini. Wakigombana, mwenye nguvu anamuua mwenzake na jambo linaisha.

Vijana wetu wengi wanachagua kwa kuangalia zawadi. "Hlaalu iko na makuta," alisema mmoja. "Telvanni utapata mnara wako," alisema mwingine. Ni kweli, kila nyumba inamjengea mtu wake makao akishapanda. Lakini mimi naona hapo ndipo wanapokosea, na kosa hilo halikai ndani ya kompyuta peke yake. Nyumba haikuonyeshi sura yake siku ya zawadi. Inakuonyesha siku ya kazi. Angalia hizo kazi za kwanza nilizotaja: mmoja ametumwa kudanganya, mwingine ametumwa kulinda mifugo. Baadaye Telvanni watakutuma kwenye mgodi wa mayai unaoitwa Abebaal, ambako watumwa wameasi, ukamalize uasi huo. Hapo kijana aliyeota mnara anajikuta mbele ya watu waliofungwa, silaha mkononi, na lazima aamue.

Swali la mama limepata jibu lake hapo. Kwenye kisiwa kile wanaolima na kuchimba, wengi ni watumwa. Sheria inaruhusu jambo hilo kwa nyumba zote tatu. Mchezo hausemi kwamba ni vizuri, ila umeweka utumwa mahali ambapo hukosi kuuona. Umeweka pia watu wa siri wanaosaidia watumwa kutoroka, na unaweza kuwasaidia.

Mimi, kama ningelazimishwa, ningeingia Redoran. Nasema hivyo nikijua aibu yao. Mkubwa wao, Bolvyn Venim, amemfungia nyumbani kwake mtoto wa mzee mwenzake wa baraza, Athyn Sarethi. Nyumba inayohubiri heshima inaongozwa na mtu anayeshikilia mtoto wa mwenzake. Lakini Sarethi anaweza kukuomba ukamtoe huyo kijana, na ukifanya hivyo anakuwa upande wako. Maana yake ndani ya nyumba ileile kuna mtu wa kumkatalia mkubwa. Nyumba ambayo ndani yake hakuna wa kumkatalia mkubwa, mimi siiingii, hata inipe minara kumi.

Kuna sehemu ambayo vijana hawajaifikia bado, na naomba waifikie. Ili kukiokoa kisiwa, kuwa mpendwa wa nyumba yako moja hakutoshi. Lazima nyumba zote tatu zikutangaze kuwa kiongozi wao wa vita, wanamwita Hortator. Unarudi kwenye milango uliyofungiwa. Kwa Hlaalu, mjumbe mmoja wa baraza anakuomba sarafu 1,000 waziwazi. Kwa Redoran, Venim anakataa na unapigana naye uwanjani mbele ya watu. Kwa Telvanni, mkubwa wao anakupiga danadana bila mwisho, na njia inayobaki ni ya kwao, ya damu. Sisifu njia hizo. Nasema tu kwamba aliyewatukana majirani miaka yote kwa sababu ya nyumba yake, siku ya shida atawahitaji haohao.

Tena nyumba hazitoshi. Nje ya miji, katika majivu, kuna watu wanaoishi katika mahema na kuhama na mifugo yao. Nyumba zilichukua nchi nzuri, wao wakabaki na majivu. Watu wa mijini wanawaita washenzi. Ni makabila manne, na yote manne lazima yakukubali, bila hivyo hadithi haiendi. Unabii unaotafutwa na wote haukutunzwa katika majumba ya wakubwa. Mama mwenye hekima wa kabila la Urshilaku ndiye anayeujua. Niliposoma hapo niliwaza wamama wetu walio chini ya mahema, wanaojua nani alikuwa na shamba gani na nani alioa kwa nani, na hakuna anayekuja kuwauliza.

Kuna pia nyumba ya sita, Dagoth, inayokaa chini ya mlima wa moto. Hiyo haikuombi uchague. Inaingia katika usingizi wa watu na kuwaambia kwamba wageni wote wafukuzwe kisiwani. Watu waliolala vizuri jana wanaamka na chuki wasiyojua imetoka wapi. Wazazi, na ninyi vijana, kazi ya sauti kama hiyo mnaijua bila mchezo.

Wengine wataniuliza kwa nini naandika juu ya mchezo wakati watu wanatafuta unga. Nawaelewa. Lakini yule kijana hajarudi shuleni tangu walipokimbia. Katika mchezo huu hakuna mshale wa kukuonyesha njia. Unasoma maelezo marefu, pita daraja, geuka kushoto kwenye jiwe, na usiposoma unapotea. Nilimuona akisoma kurasa za Kifaransa, akiwauliza wenzake neno gani maana yake nini. Kwa muda huu, hiyo ndiyo shule aliyo nayo. Haitoshi, ila tusimnyang'anye.

Basi ombi langu kwa wazazi. Mkisikia kijana anasema amejiunga na nyumba, msipige kelele kwanza. Nendeni muone. Kama ni ya kompyuta, kaeni naye dakika kumi. Kama si ya kompyuta, mtakuwa mmejua mapema. Kwa zote mbili maswali ni yaleyale: wamekupa kazi gani, nani analima, na mkubwa akikosea nani anamwambia.

Jana nilipita tena kwenye kile chumba. Kijana alikuwa ameanza mchezo upya, mwanzoni kabisa, mfungwa anashuka kwenye mashua. Nilimuuliza safari hii ataingia wapi. "Bado, mukubwa," akasema. "Nataka kwanza nione nani analima."