UKUMBI WA DEREVA: Kiyoyozi Kinapopuliza Hewa ya Moto



Joto la Maskati limekwisha kubisha hodi, na swali ninaloulizwa kila baada ya sala ya Ijumaa ni lile lile: "Kiyoyozi cha gari langu chapuliza hewa ya moto, je, nikaongeze gesi?" Jibu langu ni moja, nalo ndilo kiini cha makala ya mwezi huu: usiongeze gesi kabla hujajua ile ya mwanzo imekwenda wapi.

Nami nilijifunza somo hili kwa gharama. Kiangazi kimoja nilitia gesi mara tatu katika gereji moja ya hapa mjini. Kila mara baridi ilirudi wiki mbili tatu, kisha ikatoweka. Mara ya mwisho ilitoweka njiani, tukitoka Nizwa adhuhuri ya mwezi wa Julai, na mtoto wetu mdogo yu kiti cha nyuma. Kabla hatujafika Samail alianza kutapika. Tulisimama kivulini penye msikiti, tukamlowesha maji na kumnywesha kidogo kidogo, hadi Mwenyezi Mungu alipomjaalia nafuu. Tangu siku ile sikuihesabu tena hitilafu hii kuwa ni jambo la starehe.

Yafaa kwanza tukielewe chombo chenyewe. Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama petroli. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Kompresa huisukuma kwa nguvu hadi kwenye kondensa, iliyo mbele ya rejeta, ambako hupoa na kuwa maji; kisha hupita katika tundu jembamba na kugeuka tena mvuke nyuma ya dashibodi, ikivuta joto la ndani ya gari. Ikipungua kwa haraka, basi pana mahali inavuja. Pamoja nayo huzunguka mafuta yanayolainisha kompresa. Kwa hiyo anayeendelea kutumia kiyoyozi chenye gesi pungufu aweza kuja kununua kompresa nzima badala ya pete ndogo ya mpira. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kabla ya kwenda kwa fundi, jichunguzie haya:

1. Je, hewa ni baridi gari likienda, na moto likisimama katika foleni? Tazama feni ya mbele kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Ikiwa haizunguki kabisa, angalia fyuzi, rilei na mota yake. Ikiwa yazunguka, huenda kondensa imejaa vumbi na mchanga. Ioshe injini ikiwa imepoa, kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, yasije yakapinda mapezi yake membamba.

2. Je, hewa ni baridi lakini hutoka kidogo? Badilisha chujio la hewa ya ndani, ambalo mara nyingi liko nyuma ya kisanduku cha dashibodi. Hapa gesi haina kosa.

3. Je, hewa ni moto wakati wote? Fungua boneti, na mwenzio awashe kiyoyozi. Katika magari mengi utasikia mlio mdogo, na uso wa kompresa utaanza kuzunguka. Usiposikia, angalia fyuzi. Ikiwa nzima, yamkini gesi imepungua mno, kwani ipo swichi inayoizuia kompresa isifanye kazi hali ikiwa hivyo. Mikono, kanzu na watoto wakae mbali na mkanda.

4. Chunguza viungo vya mabomba. Doa la mafuta lililoshika vumbi mara nyingi ndipo panapovuja. Lakini usifungue bomba lolote: gesi hiyo hugandisha ngozi na yaweza kudhuru macho.

Ukifika kwa fundi, muulize maswali matatu. La kwanza, atatafutaje mvujo: kwa rangi na taa maalumu, au kwa naitrojeni? La pili, je, atavuta hewa na unyevu kwa pampu kabla ya kutia gesi? Unyevu ukibaki huganda na kuziba njia, tena hula chuma. La tatu, je, ataipima gesi kwa mizani? Kiasi chake huandikwa kwa gramu katika kibandiko chini ya boneti, na ikizidi nayo huleta hewa ya moto. Kibandiko hicho hutaja pia aina. Magari ya kabla ya katikati ya miaka ya 1990 yalitumia R12, iliyokomeshwa kwa Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa kuwa huharibu tabaka la ozoni. Yaliyofuata yalitumia R134a, na mengi mapya hutumia R1234yf. Hazichanganywi kamwe. Fundi akikasirikia maswali haya, tafuta mwingine.

Namalizia kwa wasia. Gari lililofungwa juani, joto lake la ndani laweza kupanda takriban nyuzi 10 kwa dakika 10 tu. Baba na mama, msimwache mtoto garini hata kwa kuingia dukani kununua mkate, na hata kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi. Chombo huharibika bila ya kupiga hodi.

Wabillahi tawfiq.